Masimulizi ya mawe ya bangili: yapi ya kale, yapi ya juzi

Bangili za mawe zimeshika soko. Ziko Mji Mkongwe, ziko Arusha kwa wauza vito, ziko Nairobi, na mtandaoni ndiyo usiseme. Punje ishirini na kitu za mawe ya rangi, zimetungwa kwa mkono kwenye uzi wa mpira, na pembeni kimewekwa kikadi kinachotaja kazi ya kila jiwe. Akiki huleta ujasiri. Feruzi humlinda msafiri. Amethisto hutuliza akili. Sitrini huvuta wateja. Jicho la chui hurudisha husuda ilikotoka. Tanzanaiti hufungua jicho la tatu. Halafu kikadi humalizia kwa maneno yale yale: watu wameyajua haya tangu kale na kale.

Nataka tukikalie kikadi hicho, kwa sababu kinachanganya mambo ambayo hayakuzaliwa nyumba moja. Baadhi ya madai yake yana miaka elfu mbili na zaidi. Mengine yalitungwa na mshairi Mfaransa, mengine yalipitishwa kwenye mkutano wa masonara wa Marekani, na mengine yana umri mdogo kuliko televisheni. Yakiandikwa yote kwa sauti moja, msomaji hana njia ya kutenga urithi na tangazo. Mimi nazipenda sana bangili hizi, na ndiyo sababu naona mvaaji anastahili kujua kila jiwe limebeba nini hasa: limeumbwa kwa nini, watu walilisemea nini, lini, na limefanyiwa nini kabla ya kufika mkononi mwake.

Akiki, jiwe lililovuka bahari

Nianze na akiki, maana kwa pwani yetu sioni jiwe la bangili lenye historia nzito kuliko hilo. Waakiolojia waliochimba Shanga katika kisiwa cha Pate, na wale wa Kilwa Kisiwani, waliokota punje zake pamoja na vigae vya vyombo vya Kichina na vya Ghuba ya Uajemi. Kituo kikuu cha kazi hiyo kilikuwa Khambhat, bandari ya Gujarat nchini India ambayo Wazungu waliiita Cambay, na majahazi ya msimu ndiyo yaliyozileta shanga ng'ambo hii. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaieleza biashara yenyewe: nguo na shanga za Cambay zikija Afrika Mashariki, dhahabu na pembe za ndovu zikienda.

Kwa umbo lake la ndani akiki ni jamii ya kwatzi, madini yale yale yanayojaza mchanga wa mtoni. Kinachoifanya nyekundu ni chembe za oksidi ya chuma zilizotawanyika ndani yake. Sasa, mawe mengi yanayochimbwa kwenye vilima vya Ratanpur, kusini ya Khambhat, hayatoki ardhini yakiwa mekundu. Yanatoka ya kahawia au ya manjano iliyopauka. Mafundi huyaanika juani kwa miezi, kisha huyapanga kwenye vyungu vya udongo na kuyachoma taratibu kwa moto wa samadi kavu. Joto hufukuza maji yaliyofungamana na chuma, na manjano hugeuka wekundu wa damu. Kwa hiyo rangi tunayoiita ya asili mara nyingi ni kazi ya mkono wa mtu na moto. Ni kazi kongwe mno: watu wa bonde la Indus walikuwa wakiifanya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na shanga zao zimepatikana kwenye makaburi ya kifalme ya Ur, katika Iraki ya leo.

Ukiwauliza mafundi wa Gujarat nani aliyewafundisha, wana jibu lao, na jibu hilo linatugusa. Juu ya kilima kule Ratanpur kuna kaburi la walii aitwaye Bava Gor. Masimulizi yanasema alikuja kutoka Uhabeshi, akakaa pale, akaikuza biashara ya akiki na kuwafunza watu namna ya kuichoma. Waislamu humzuru, Wahindu humzuru, Waparsi pia. Wanaolitunza kaburi ni Wasidi, wazao wa Waafrika waliofika India kama mabaharia, askari, wafanyabiashara na watumwa, ambao mpaka leo hucheza ngoma wanayoiita goma. Tarehe za wanaakiolojia hazikubali kwamba Bava Gor ndiye mwanzilishi, kwa kuwa moto wa akiki uliwaka India miaka elfu tatu na zaidi kabla yake. Lakini masimulizi haya yamehifadhi jambo ambalo vitabu vya historia vililisahau kwa muda mrefu: kwamba Waafrika walikuwa ndani ya kazi hii kule inakotengenezwa, si huku inakouzwa tu. Ningefurahi kuona kikadi kimoja cha bangili kinamtaja.

Upo pia upande wa dini, na hapa inafaa kwenda pole pole. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba pete ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa ya fedha na kito chake kilikuwa cha Kihabeshi. Imamu Nawawi, akiifafanua, ametaja maoni kwamba kito hicho kilikuwa akiki au jaza, jiwe lenye mistari, kwa sababu machimbo yake yako Uhabeshi na Yemeni, na maoni mengine kwamba neno hilo lilisemwa kwa ajili ya weusi wa rangi yake. Hiyo ni habari moja. Habari nyingine ni ile inayosambazwa na wauza pete, kwamba Waislamu wameamrishwa kuvaa akiki kwa kuwa ina baraka na huondoa ufukara. Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 12, aliziweka riwaya za namna hiyo katika mkusanyo wake wa Hadithi za kubuni. Kwa Mashia mambo ni tofauti. Katika mapokeo yao akiki, hasa ya Yemeni, ina heshima kubwa, na ndiyo maana utaiona kwenye vidole vya Waithnaasheri wengi wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa. Anayeuza bangili na kusema "dini imesema" aulizwe: dini kwa mapokeo ya nani, na kwa riwaya ipi?

Kabla sijaiacha akiki, kuna jambo ambalo kikadi hakina nafasi nalo. Kulikata na kulitoboa jiwe la jamii ya kwatzi hutoa vumbi laini lenye ncha kali. Vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Huacha makovu, pumzi hupungua mwaka hadi mwaka, na kifua kikuu hupata mlango. Ugonjwa huu huitwa silikosisi, na miongoni mwa mafundi wa akiki wa Khambhat, ambao wengi husaga mawe ndani ya nyumba zao ndogo, umechunguzwa na kuandikwa kwa miaka mingi. Dawa ya kuponya makovu yale haipo. Kinga ipo: maji yanayotiririka juu ya jiwe linaposagwa, feni ya kuvuta vumbi, na barakoa ya kweli. Wachimbaji na wakataji wa vito wa Tanzania na Kenya wanakabiliwa na vumbi la aina hiyo hiyo. Tunapozungumzia jiwe linalomlinda mvaaji, tuwe na maneno pia kuhusu aliyelitoboa.

Feruzi, na mtu aliyeyapima masimulizi

Karibu miaka elfu moja iliyopita, mtu mmoja alifanya kile ambacho wengi wetu hatukifanyi: alilichukua simulizi la kito akalipima. Al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa Khwarazm katika Asia ya Kati mwaka 973 na kuandika kazi zake nyingi Ghazna, katika Afghanistani ya leo, alitunga kitabu kizima kuhusu vito na metali. Wakati wake ilisemekana kwamba nyoka akiitazama zumaridi macho yake hutiririka na kupofuka. Vitabu vilikuwa vimenakiliana dai hilo kwa vizazi. Al-Biruni akamvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandazia zumaridi kwenye kapu lake, akamning'inizia nyingine mbele ya macho, akaendelea hivyo kwa miezi tisa, joto na baridi. Nyoka hakupata dhara lolote. Al-Biruni akaandika kwamba, kama zumaridi ilimfanya chochote, basi labda ilimwongezea makali ya kuona. Mtu huyo huyo alipima uzito wa vito ndani ya maji kwa usahihi unaostaajabisha, ili atenganishe kito cha kweli na cha bandia, na njia hiyo bado inatumika katika maabara za vito.

Nimemtaja kwa sababu anatuonyesha kwamba kuuliza maswali juu ya mawe si desturi ya kigeni iliyokuja na wazungu wa maabara. Imo ndani ya elimu ile ile iliyotuletea majina ya yakuti, zumaridi, almasi na feruzi.

Feruzi yenyewe ni mfano mzuri wa simulizi lililojengwa juu ya jambo lililoonekana kwa macho. Ni madini ya shaba na alumini yenye fosfeti na maji ndani yake. Shaba ndiyo inayoipa ubuluu. Iliyo maarufu tangu zamani hutoka Nishapur, Uajemi. Watu wa kale waliamini kwamba feruzi hupauka au kugeuka kijani mwenye nayo akiugua au hatari ikimkaribia, na wapanda farasi wa Mashariki na wa Ulaya waliivaa, wakisema ukianguka jiwe hupokea pigo badala yako. Kubadilika rangi ni kweli. Feruzi ina vinyweleo, hunywa jasho, mafuta ya nywele, manukato na sabuni, na rangi yake huhama kuelekea kijani. Mtu mwenye homa hutoka jasho jingi, kwa hiyo sioni ajabu kwamba mtu aliyeyaona mabadiliko hayo katika pete ya mgonjwa aliyaunganisha mambo mawili. Aliona sawa. Alichokosea ni kipi kilisababisha kipi.

Tatizo la feruzi leo ni kwamba nyingi si feruzi. Yapo mawe meupe ya bei ndogo, hasa howlaiti na magnesaiti, ambayo hupokea rangi kwa urahisi, yakatiwa buluu na kuuzwa kwa jina hilo. Tazama tundu la punje kwa kioo cha kukuzia. Ukiona weupe ndani na buluu imejikusanya kwenye nyufa, umeona rangi ya dukani. Bangili yenye feruzi nyingi kubwa zisizo na dosari, kwa bei ya chakula cha mchana, haina feruzi.

Simulizi la Wagiriki lililoandikwa Ufaransa

Amethisto inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayosimuliwa sana na kukosewa sana. Imani ya Wagiriki kwamba jiwe hili la zambarau huzuia ulevi ni ya kale kweli. Ilikuwepo tayari wakati wa Plinio wa Roma, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvio ulipolipuka, naye katika kitabu chake cha mwisho cha maumbile ameitaja na kuiita uongo wa wachawi. Lakini kurasa za mtandaoni huongeza kisa kitamu: kwamba mungu wa mvinyo alimpenda msichana aitwaye Amethisto, msichana akakimbia, akageuzwa jiwe jeupe, na mungu kwa majuto akalimwagia mvinyo likawa zambarau. Kisa hicho huitwa hekaya ya Wagiriki. Sicho. Kilitungwa na mshairi Mfaransa Rémy Belleau na kuchapishwa mwaka 1576. Ni shairi zuri, na mtunzi wake anastahili kutajwa kwa jina badala ya kufichwa nyuma ya Wagiriki.

Zambarau ya amethisto ni chuma tena, safari hii kikiwa kimeguswa na mnururisho wa asili wa miamba kwa muda mrefu mno. Ipashe moto wa nyuzi mia nne na kitu na zambarau huondoka, manjano huja. Hapo imekuwa sitrini. Sehemu kubwa ya sitrini iliyo sokoni, hasa ile ya rangi kali ya machungwa, ni amethisto ya Brazili iliyochomwa. Kikadi basi kinakuuzia jiwe moja kwa kazi mbili: la zambarau litulize, la manjano livute wateja. Mwenye duka aliyeweka sitrini kwenye droo ya pesa ana jiwe lililokuwa amethisto muda mfupi uliopita. Kuichoma amethisto si udanganyifu iwapo mnunuzi anaambiwa. Kinachonikera ni kuambiwa kwamba nguvu ya jiwe imo tangu dunia kuumbwa, ilhali rangi inayodaiwa kuibeba nguvu hiyo ilitoka tanuri.

Jicho la chui nitalipita haraka. Ni kwatzi yenye nyuzinyuzi ndani, zinazorudisha mwanga kwa mstari mmoja unaotembea ukiligeuza. Nyingi hutoka Northern Cape, Afrika Kusini, na lilikuwa adimu na ghali hadi machimbo ya huko yalipofunguliwa mwishoni mwa karne ya 19.

Jiwe la mwezi wako

Wengi huagiza bangili kwa mwezi wa kuzaliwa. Hapa mizizi ni ya kale na tawi ni jipya. Msomaji wa Biblia anaikumbuka Kutoka 28, kifuko cha kifuani cha Haruni chenye vito 12 katika safu nne, kila kimoja kwa kabila moja la Israeli: akiki, zumaridi, yakuti samawi, amethisto, yaspi na vinginevyo. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliviunganisha vito hivyo na miezi 12 na nyota 12. Lakini wazo kwamba mtu mmoja avae jiwe la mwezi wake pekee lilienea Ulaya baadaye sana, kati ya karne ya 16 na ya 18. Tena hatuwezi kudai kwamba vito vya orodha ile ni hivi hivi tunavyoviita leo. Majina yamehama. Kile alichokiita Plinio kwa jina la safiro kilikuwa na madoa ya dhahabu, kwa hiyo kilikuwa lapisi lazuli ya Afghanistani, wala si yakuti samawi.

Orodha iliyo kwenye kikadi chako, Januari garineti, Februari amethisto na kuendelea, ilipitishwa mwaka 1912 na chama cha kitaifa cha masonara wa Marekani kilipokutana Kansas City. Waliipanga ili wauzaji wote waseme neno moja. Ni uamuzi halali wa kibiashara. Ila usiitwe hekima ya mababu.

Na Desemba? Mwaka 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito vya rangi wa Marekani kiliiongeza tanzanaiti kwenye mwezi huo. Jiwe letu la Mirerani, kaskazini mwa Tanzania, limeingia katika "desturi ya kale" ambayo wasomaji wengi wa makala hii waliishuhudia ikizaliwa.

Tanzanaiti na binamu yake wa Longido

Ulimwengu uliijua tanzanaiti mwaka 1967. Serikali ya Tanzania imemtambua Mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake, na mwaka 2018 Rais Magufuli alimzawadia shilingi milioni 100. Mzee alifariki mapema mwaka uliofuata. Kampuni ya Tiffany ya New York ilianza kuinadi mwaka 1968 na ndiyo iliyoeneza jina hili, kwani waliona jina la kitaalamu, zoisaiti ya buluu, halitauza. Inachimbwa katika kipande cha ardhi chenye urefu wa kilomita 7 hivi na upana wa kilomita 2, na hakuna pengine duniani panapojulikana kuitoa kwa kiasi cha biashara. Mwaka 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili yenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa pamoja, akalipwa shilingi bilioni 7.7 hivi, na nchi nzima ikajua jina lake.

Simulizi la kwamba radi iliwasha nyasi, moto ukapita, na mawe ya kahawia yakageuka buluu mbele ya macho ya wafugaji wa Kimaasai limeandikwa kila mahali. Linavutia kwa sababu nusu yake ni sayansi ya kweli. Tanzanaiti nyingi hutoka chini ikiwa na ukahawia, na ni joto linalouondoa, kwa kubadilisha hali ya metali ya vanadiamu iliyo ndani. Lakini joto hilo ni nyuzi 500 hadi 600, kwa muda na kwa utaratibu, ndani ya tanuri. Moto wa nyasi hupita upesi na joto lake halishuki sana ardhini. Karibu kila tanzanaiti ya buluu iliyo dukani imepitia tanuri, na hilo hukubaliwa wazi katika biashara.

Kuhusu jicho la tatu, yaani jicho la ndani la roho, na uwezo wa kuwasiliana na malaika ambao jiwe hili husemewa pia, jibu ni la hesabu tu. Jiwe ambalo soko halikulijua kabla ya 1967 haliwezi kuwa na mapokeo ya miaka elfu. Ninachosikitikia ni kwamba masimulizi yake ya kweli yapo na hayaandikwi: wanaapolo wanaoshuka mashimo marefu kwa kamba na ngazi, mafuriko ya mwaka 1998 yaliyoua makumi ya wachimbaji chini ya ardhi, ukuta wa kilomita 24 uliojengwa kuyazunguka machimbo, mabroka wa Arusha wanaolipima jiwe kwa kuligeuza tu kwenye jua. Mvaaji wa bangili huko Ulaya angependa kuyajua haya, nina hakika.

Kwa bangili hasa, jiwe la Tanzania unaloweza kulipata kwa wingi ni binamu wa tanzanaiti: mwamba wa zoisaiti ya kijani wenye mabaka ya rubi nyekundu, unaochimbwa Longido. Rubi yake haina mwanga wa ndani wa kukatwa kito cha pete, lakini punje zake za kijani na wekundu ni nzuri kweli, na bei yake haiumizi.

Rangi saba za chakra

Bangili ya mawe saba, nyekundu hadi zambarau, huuzwa kama bangili ya chakra. Chakra, yaani vituo vya nguvu vinavyosemwa kuwa mwilini, ni elimu ya kweli ya India, iliyoandikwa katika vitabu vya tantra, vitabu vya ibada vya huko. Kitabu kinachotegemewa zaidi na wasomaji wa Magharibi ni cha mwaka 1577, na Mwingereza John Woodroffe alikitafsiri mwaka 1919. Ndani yake chakra zina rangi zake, miungu yake na idadi ya petali zake, lakini mpangilio wa upinde wa mvua haumo. Huo ulienea nchi za Magharibi miaka ya 1970, na mawe yakagawiwa kwa kila rangi katika vitabu vya tiba ya mawe vya miaka iliyofuata. India ina mapokeo yake ya vito, na hayo ni ya kale: navaratna, vito tisa kwa sayari tisa, rubi kwa Jua, lulu kwa Mwezi, marijani kwa Mirihi, na kuendelea. Masonara wa Kigujarati wa Mombasa na Dar es Salaam bado huyatengeneza. Katika hivyo tisa kuna gomed, garineti ya rangi ya asali, ambayo kwa madini ni jamii moja na tsavoraiti ya kijani ya Taita Taveta. Mapokeo hayo hayahitaji kubadilishwa na bangili ya upinde wa mvua.

Je, mawe hufanya kazi? Mwaka 2001 mwanasaikolojia Christopher French wa chuo cha Goldsmiths, London, aliwasilisha jaribio lake la watu 80. Walishika mawe huku wakitafakari, nusu wakiwa na fuwele halisi na nusu bandia, bila kujua. Walihisi joto, msisimko na utulivu. Waliopewa bandia walihisi vile vile. Waliodokezwa mapema nini cha kutarajia walihisi zaidi. Utulivu wao haukuwa wa uongo, ila haukutoka kwenye jiwe. Mtu akivaa akiki ya bibi yake na moyo ukatua, ametulizwa na bibi, na hilo mimi naliheshimu kabisa. Lakini mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu asiache dawa kwa ajili ya punje yoyote, na anayemwambia aache anamfanyia ubaya.

Kutunga, kununua, kutunza

"Imetengenezwa kwa mkono" kwa kawaida ina maana ya kutungwa kwa mkono. Punje zenyewe, hasa zile za duara kamili za milimita 8, nyingi hukatwa na mashine China na India, kisha fundi wa hapa huzichagua, huzipanga na kuzitunga. Mkono wa kawaida huchukua punje 22 hivi. Si aibu. Kuchagua rangi zinazokaa pamoja ni ufundi. Ila zipo pia punje zilizokatwa na kutobolewa hapa hapa na mafundi wa Arusha na Voi, hazilingani sawasawa, na ukizipata ulizia jina la aliyezikata.

Bangili hugongwa kuliko mkufu na hereni. Kwa hiyo ugumu ni muhimu, na kipimo chake ni kile cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812, kuanzia 1 hadi 10. Vumbi la nyumbani lina kwatzi, ambayo ni 7. Chochote kilicho chini yake huchubuka pole pole kwa kufutwa tu. Rubi ni 9, haina wasiwasi. Amethisto na jicho la chui husimama kwenye 7, akiki hapo hapo au chini kidogo. Tanzanaiti ni 6 hadi 7 na hupasuka ikigongwa vibaya, kwa hiyo mahali pake ni kwenye hereni. Feruzi ni 5 hadi 6, na lulu iko chini zaidi. Ukizitunga pamoja kwenye mpira mmoja, zile ngumu huzila zile laini.

Kuna ushauri mmoja wa vikadi ambao huharibu mawe kweli: kuyaloweka kwenye maji ya chumvi na kuyaanika juani ili "yasafishwe nguvu mbaya". Chumvi huingia kwenye vinyweleo vya feruzi na kula ng'aro ya lulu. Jua kali la mchana, siku baada ya siku, hufifisha amethisto. Kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu kinatosha, na manukato yapakwe kabla ya kuvaa bangili, yakauke kwanza. Mpira ukianza kulegea, mpelekee fundi kabla haujakatika, na kama bangili ina lulu au feruzi mwombe aitunge upya kwa uzi wa hariri au nailoni wenye kifundo kati ya kila punje, ili siku uzi ukikatika usipoteze zaidi ya moja.